Aliyeitika Chumba cha Nyuma

Sauti iliitika "Abee" ndani ya chumba cha nyuma, na humo hamkuwa na mtu ila Mama Kidoti na mashine yake.

Kidoti mwenyewe alikuwa uani. Mama yake alimwona kupitia dirishani, amejikalia ndani ya beseni la kufulia, anawaogesha wanasesere wake na kuwagombeza kwa kuingiwa na maji machoni, utadhani kosa lilikuwa lao. Alikuwa na miaka minne na alama nyeusi shavuni iliyompa jina. Hakuwa ameinua hata kichwa. Mama Kidoti alijiambia kuwa masikio yamechoka, akarudi kwenye kazi yake.

Na kazi yake, ukiisikia kwa mara ya kwanza, utaona kama mchezo wa watu wazima wasio na la kufanya. Mumewe aliandika programu, yeye alizijaribu. Mume alikaa sebuleni na kompyuta magotini, mke alikaa chumba cha nyuma, na kati yao palikuwa na ukumbi mwembamba waliokuwa wakipigiana kelele humo tangu asubuhi. Msimu huo Baba Kidoti alikuwa ametengeneza kiraka, kipande cha programu cha kubandika kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta, ile sehemu ya ndani kabisa ambayo watumiaji hawaioni lakini ndiyo inayoendesha kila kitu. Kiraka chake kiligusa pale mafaili yanapopangwa kwenye diski. Alitaka mafaili yaandikwe haraka kuliko ilivyowahi kuwezekana, na aliringa nacho kiasi cha kukiota usingizini.

Mkewe kazi yake ilikuwa kukiua. Alijaza diski mafaili, akakodolea macho kioo cha mashine mpaka kiandike neno "Tayari", yaani kila kitu kimeshahifadhiwa salama, na papo hapo mkono wake wa kulia ulipiga swichi ya ukutani na kukata umeme. Kisha aliwasha tena na kukagua faili moja baada ya jingine kuona lipi limerudi na lipi limepotea. Kama neno "Tayari" lilikuwa kweli, kisingekosekana kitu. Kama lilikuwa uongo, pengo lingeonekana. Alikuwa amezoea mno kazi hiyo, hata macho yalipoliona neno lile kidole kilikuwa kimeshafika ukutani, na akili ikafuata baadaye.

Neno lile lilikuwa uongo. Kiraka kilisema kiko tayari kabla hakijawa tayari, hasa kwenye majina. Ukibadilisha jina la kitu, kioo kinakuonyesha jina jipya, kumbe kwenye diski bado limekaa la zamani, na jipya linaelea tu kwenye kumbukumbu ya mashine likisubiri zamu yake. Mume alisema huko ni kuchelewa kidogo. Mke alisema kuchelewa huko ndiko kunaitwa kudanganya. Walibishana jambo hilo mezani, kitandani na mlangoni, mpaka mtoto akajua neno diski kabla ya neno dirisha. Mama Kidoti alikuwa na msemo wake mmoja wa kumchokoza mumewe: kwamba diski iliyorudi na makosa haimtishi, inayomtisha ni ile iliyokatiwa umeme katikati ya kazi ikarudi bila kosa hata moja, maana hiyo inaficha kitu.

Watu wa kazi hiyo huzipa mashine zao majina. Wengine huziita nyota, wengine mito. Yeye aliiita ya kwake Kidoti, kwa kuwa siku ya kuiunganisha alikuwa amempakata mtoto, naye mtoto ndiye aliyebonyeza kitufe cha kwanza. Jina hilo liliandikwa kwenye diski na likawa linang'aa juu ya kioo. Na kwa kuwa mume alitaka kujua kazi inavyokwenda, mke alipiga kelele ukumbini kila alipokata umeme, "Kidoti amekufa," na mume akajibu bila kuinua macho, "Mfufue basi." Muda kidogo baadaye mke alisema, "Kidoti, njoo. Kidoti amefufuka." Siku moja jirani alikuja hadi mlangoni uso umemshuka, akauliza kama kuna msiba. Walimcheka hadi machozi yakawatoka, na mtoto akacheka nao ingawa hakujua wanacheka nini.

Hawakujiuliza ni nani mwingine anayeweza kuwa anasikia mtoto akiuawa na kuitwa arudi, akiuawa na kuitwa arudi, kutwa nzima, ndani ya nyumba moja.

Baada ya ile "Abee" ya kwanza ikaja harufu. Ilikuwa ya nywele zilizoungua, na chini yake udongo uliolowa. Mama Kidoti alikagua nyaya zote, akafungua mashine na kunusa ndani yake, hakuona kilichoungua. Kisha sauti ikaitika tena, na tena, kila alipotamka jina la mashine, ndogo, yenye adabu, kila mara karibu zaidi: kwanza pembeni mwa kabati, halafu nyuma ya kiti, halafu chini ya meza, katikati ya magoti yake.

Alimwita mumewe. Baba Kidoti alikuja akitabasamu, tayari kumtania, akasimama mlangoni na kuita kwa sauti ya kawaida, "Kidoti."

"Abee, baba," ilisema sauti uani.

"Abee, baba," ilisema sauti chini ya meza.

Tabasamu lilibaki usoni pake kwa muda kwa sababu alisahau kuliondoa. Kisha akamnong'oneza mkewe, "Zima hiyo mashine."

Alizima. Feni ilipunguza mwendo, ikanyamaza. Na uani walisikia beseni likigonga sakafu na maji yakimwagika.

Walimkuta mtoto amelala kifudifudi ndani ya maji. Walimtoa. Alikuwa anapumua, moyo ulipiga, macho yalikuwa wazi, lakini ukiyatazama hukuona mtu ndani yake. Walimkimbiza hospitali. Daktari alimpima kila kinachopimika, akasema mwili ni mzima kabisa, akasema wasubiri. Mama alibaki ameshika mkono wa mwanawe uliolegea, na baba akarudi nyumbani kuchukua nguo. Alipopita chumba cha nyuma akaona bora aiwashe mashine, aone kama imeandika chochote kuhusu sauti ile.

Kule hospitali mtoto aliketi kitandani ghafla, akasema "Abee", na hapakuwa na mtu aliyemwita.

Mama Kidoti alimpigia mumewe simu. Hakusalimia. Alimuuliza tu amefanya nini.

"Sijafanya kitu," alisema mume. "Nimewasha mashine tu."

Wao waliokuwa wamezoea kubishana juu ya kila kitu, hili hawakubishana.

Walimrudisha mtoto nyumbani, na kuanzia hapo nyumba ile ikawa kifungo. Mashine isingeweza kuzimwa. Walinunua betri za akiba, wakaazima jenereta, na Baba Kidoti akawa analala pembeni mwa jenereta hilo na dumu la mafuta karibu na kichwa chake. Mkewe alihamia chumba cha nyuma. Alitandika mkeka chini ya meza, pale pale sauti ilipokuwa, kwa sababu waya mkuu ulipita hapo na aliogopa mtu asije akaukanyaga. Alikula humo. Alioga kwa haraka mlango ukiwa wazi. Dirisha hakulifungua tena, asije upepo ukapeperusha pazia likagusa kitu.

Hata hivyo umeme ulikatika, kama unavyokatika, na mara ya kwanza betri zilichelewa kushika. Kule kuchelewa kidogo. Mtoto alianguka akiwa anakula, na mashine ilipowaka akainuka, akasema abee, akatazama kijiko alichokuwa ameshika na kumuuliza mama yake hiki ni nini.

Mama Kidoti alijua hilo ni nini. Alikuwa amelifanyia kazi miaka mingi. Alimkalisha mwanawe na kumkagua kama alivyokagua diski, swali moja baada ya jingine: huyu mwanasesere anaitwaje, viatu vyako viko wapi, ule wimbo wetu wa kulala unaanzaje. Wimbo ulikuwapo. Mara iliyofuata wimbo ulikuwa umekatika katikati. Mara ya tatu alimwonyesha picha ya bibi yake iliyoko ukutani, bibi aliyemlea mpaka akaanza kutembea, na mtoto akatazama kwa heshima kama anavyotazamwa mtu wa njiani, akauliza, "Huyu ni nani?" Mama alitoka nje akalia kwa sauti, akajifuta, akarudi, kwa sababu hakuweza kukaa mbali na waya ule.

Na kuiacha ikiwaka nako hakukuwa salama, maana kila mashine ilivyozidi kuwaka ndivyo mtoto alivyozidi kukaa kimya akitazama pembe za chumba, na nywele zake zikaanza kunuka moshi hata baada ya kuoshwa, na wakati mwingine alipoitwa waliitika wawili kwa pamoja, yeye na yule wa chini ya meza, sauti zimelingana hivi kwamba mama mtu, aliyejua kila pumzi ya mwanawe tangu akiwa tumboni, alisimama katikati ya ukumbi akigeuza kichwa huku na huku bila kujua ni upande gani wa kukimbilia.

Ndipo wakamwita mkunga.

Huyu mkunga alikuwa amestaafu. Ndiye aliyempokea Kidoti siku alipozaliwa, mwanamke mfupi mwenye mzaha mwingi, na watu walimfuata pia kwa mambo yasiyo na dawa hospitali. Alipofika hakutaka kiti wala chai. Alisimama ukumbini akinusa, na mzaha wake wote ukaisha. Akaenda kukaa sakafuni mbele ya mtoto.

"Mwanangu, unaitwa nani?"

"Kidoti."

"Vizuri. Na wewe mwingine, unaitwa nani?"

Mtoto alitabasamu taratibu, kwa upande mmoja wa mdomo. "Kidoti."

"Nani alikupa jina hilo?"

"Mama," ilisema ile sauti, na safari hii haikutoka chini ya meza, ilitoka kinywani mwa mtoto. "Mama aliniua, halafu akaniita, nikaja. Akaniua tena, akaniita tena, nikaja. Mimi sikuwahi kuitwa na mtu. Yeye hakuchoka kuniita."

Mama Kidoti aliziba mdomo wake kwa mikono yote miwili.

Mkunga aliwavuta wazazi ukumbini, akazungumza nao kwa sauti ya chini sana. Aliwaambia kuwa huyo ni jini asiye na jina wala makao, na viumbe wa namna hiyo ndio wagumu kutoka, kwa sababu hawakuja kudai kitu. Amekuja alikoitwa. Sasa wawili wana jina moja, kwa hiyo mlango wao, yaani mashine hiyo, ukifungwa wanakwenda wote wawili. Akauliza jina hilo limeandikwa wapi.

"Kwenye diski," alisema Mama Kidoti.

"Linabadilika?"

"Linabadilika."

"Basi mpe lake. Liandike tu, usilitamke, hata mumeo asilijue. Likisikika humu ndani, mtoto naye anaweza kuliitikia. Likishakaa, muage na umfungie mlango taratibu." Alimshika mkono, ule wa kulia. "Wewe umezoea kumkatia, mama. Leo usimkatie. Mwache amalize mwenyewe, azime mwenyewe. Usimharakishe."

Baba Kidoti alieleza kwamba njia hiyo ipo, ndiyo njia ya kawaida ya kuzima kompyuta: unaiambia ifunge, inaandika kila ilichokishika, mpaka na majina yanayoelea, kisha inajizima. Alipomaliza kueleza akamtazama mkewe, na wote wawili wakatambua kuwa mashine ile, tangu iwashwe mara ya kwanza, haikuwahi hata siku moja kuzimwa namna hiyo. Haikuwa kazi ya mke kuizima vizuri.

Walifanya jambo hilo alasiri, jua likiwa bado uani. Mkunga alikaa sebuleni na mtoto mapajani, akafukiza ubani na kuanza kuomba dua kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Baba alisimama katikati ya ukumbi, mahali pa kuwaona wote. Mama aliingia chumba cha nyuma, akaketi, akafuta jina la mwanawe juu ya kioo kwa herufi moja moja. Mahali pake akaandika Mgeni. Hakuligusa kwa ulimi. Jina jipya lilitokea juu ya kioo, safi. Akatoa amri ya kufunga.

Mistari ilianza kukimbia kwenye kioo. Harufu ya nywele zilizoungua ilijaa chumbani hadi macho yakamwasha. Kisha kitu kidogo, baridi, chenye vidole vitano, kikamshika goti chini ya meza.

"Mama," kilisema kwa sauti ya Kidoti. "Unaniua?"

"Sikuui," alinong'ona. "Nakuaga. Nenda salama."

"Utaniita lini?"

"Sitakuita tena."

Kikaanza kulia, na kilijua kulia, kililia vile vile Kidoti anavyolia akiamshwa usingizini, kwa kwikwi tatu na kuvuta pumzi, na huko sebuleni Kidoti naye akalia, kwikwi tatu na kuvuta pumzi, na dua ya mkunga ikapita katikati ya vilio viwili, na Baba Kidoti ukumbini akaanza kuita jina la mkewe kwa sauti ya mtu anayezama, na vidole vile vikapanda kutoka gotini hadi pajani na kutoka pajani hadi kwenye mkono wake wa kushoto vikiuminya kwa mapenzi, kwa mapenzi kabisa, na yeye akawa anatazama mistari tu, mstari baada ya mstari, akiomba iishe, iishe, iishe, mpaka mistari ikasimama na kioo kikaandika neno moja.

Tayari.

Taa ndogo ya diski ilikuwa bado inapepesa. Aliiona. Aliiona wazi, na akajua maana yake, lakini mkono wa kulia ulikuwa umeshafika ukutani.

Swichi ilisema "ta". Feni ikanyamaza. Vidole vikaachia.

"Imezima yenyewe?" aliuliza mumewe kutoka ukumbini.

Mama Kidoti alitazama kidole chake kilichokuwa bado juu ya swichi. Akakishusha polepole.

"Imezima," alisema.

Sebuleni mtoto aliketi, akapiga chafya kwa sababu ya ubani, akasema ana njaa. Mkunga alimfuta uso, akamtazama machoni kwa muda mrefu, akashukuru, na jasho likamtiririka shingoni. Aliagiza diski ile ivunjwe siku hiyo hiyo. Baba Kidoti aliivunja kwa nyundo juu ya jiwe la kufulia mpaka hakikubaki kipande kikubwa kuliko ukucha, huku analia na kucheka, akaapa kuwa kiraka chake kimekufa na hatakigusa tena, na kwamba katika ule ubishi wao mke ndiye aliyekuwa sahihi. Kwa miaka yote ya ndoa yao mke alikuwa amesubiri kusikia maneno hayo. Hakuyasikia vizuri.

Alikuwa anamkagua mtoto. Hiki ni nini? Kijiko. Huyu ni nani? Bibi. Mwanasesere anaitwaje, viatu viko wapi, wimbo unaanzaje, unaishaje? Mtoto alijibu kila swali, bila kusita, akauimba wimbo hadi ubeti wa mwisho ambao hata kabla ya mkasa huu hakuwahi kuushika. Kisha akavaa viatu vyake na kufunga kamba mwenyewe, fundo zuri lililokaza, yeye aliyekuwa akifungiwa kila siku. Baba alimnyanyua juu na kumzungusha. Hapakuwa na pengo hata moja.

Mama Kidoti alikumbuka msemo wake wa kumchokoza mumewe, ule wa diski inayorudi bila kosa hata moja.

Mumewe alikwenda jikoni kupasha chakula. Mkunga alikuwa ameshaondoka. Mtoto alirudi uani kwenye beseni lake, akampa mama yake mgongo, akaanza kuwaogesha wanasesere. Hakuwagombeza leo. Alimzamisha mmoja, akamtoa. Akamzamisha, akamtoa. Alikuwa hana haraka.

"Kidoti," aliita mama yake mlangoni.

Mtoto hakugeuka.

"Kidoti, mwanangu, njoo ule."

Aliita tena na tena, kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti ya kubembeleza, na maji yakaendelea kulia ndani ya beseni, chubwi, chubwi. Ndipo alipoelewa. Alipokata umeme, jina jipya lilikuwa bado linaelea. Kwenye diski kulikuwa na jina moja tu, la zamani, na mlango ulifungwa kwa jina hilo, ukaondoka na mwanawe aliyekuwa mwenye nalo. Jipya halikupata pa kukaa, likatafuta.

Hakuwa amemwambia mtu. Hakuwa amelitamka hata kimoyomoyo. Alilitamka sasa, kwa pumzi tu, akiomba kwa nguvu zake zote lisiitikiwe.

"Mgeni."

Mtoto aligeuka mara moja, uso umefunguka kwa furaha.

"Abee, mama."

Kutoka jikoni mume aliita, "Mama Kidoti, chakula kinapoa." Aliita mara ya pili, na mkewe akabaki pale pale mlangoni bila kuitika.